Kumi na Mbili Gawanya kwa Nane

Benchi ni ubao mmoja mnene juu ya matofali, umeegemea ukuta kati ya kibanda cha kinyozi na duka la Fundi Kebo, yule binti anayefufua kompyuta ambazo wenyewe wameshazikatia tamaa. Hapo ndipo kijiwe kilipo. Ukitaka kujua jambo lolote, kuanzia bei ya misumari mpaka umri wa jua, hapo utaambiwa, tena kwa uhakika wa kutisha, na ukibisha utaambiwa mara ya pili kwa sauti kubwa zaidi. Mama Birika anamimina kahawa, wenzake wanamimina maneno, na vyote viwili ni vya moto. Asubuhi hii ubishi ulianza hata vikombe havijajaa, na aliyeuanzisha ni mtu ambaye kwa kawaida husema wa mwisho: Mzee Rula, mchoraji ramani mstaafu wa idara ya maji. Alikuwa amekaa ukingoni kabisa mwa benchi, goti linamcheza.

— Dakika mbili, alisema Rula. Mbili, basi. Diski yenyewe imeandikwa thelathini na tatu. Megabaiti thelathini na tatu kwa sekunde. Ndani mna gigabaiti nne. Pigeni hesabu wenyewe.

— Dakika mbili zimepita kitambo, mzee wangu, alijibu Wembe, kinyozi, ambaye asubuhi hana wateja na kwa hiyo ana maoni. Mbona haijaisha?

— Inamalizikia.

Haikuwa inamalizikia, na Rula alijua.

Kisa chenyewe ni hiki. Mtaa ulikuwa unachimbiwa mtaro wa maji machafu, na katapila la kuchimba lilikuwa linakaribia. Chini ya barabara hii, mahali fulani, limelala bomba kuu la zamani, lile linalopeleka maji katika nyumba zote za hapa na katika zahanati ya wazazi pale juu, ambako mkwe wa Rula alikuwa amelala na kichanga chake. Jana msimamizi wa wachimbaji alipiga simu. Mzee, alisema, ramani ya idara haionekani, lakini nasikia wewe ndiye uliyeichora. Kesho saa nne dereva atafika hapo kijiweni, umwonyeshe bomba limepita wapi. Rula akacheka. Hilo nalo ni la kuuliza? Nitamwonyesha nikiwa nimefumba macho. Alipokata simu akafumba macho kweli, akalitafuta bomba lake kichwani, na hakuliona.

Asubuhi na mapema alitoka akaitembea barabara yote, huku na huku, akijifanya ananyoosha miguu. Alikumbuka unene wa bomba. Alikumbuka msimu lilipolazwa, na matope ya msimu ule, na jina la fundi aliyekaza kiungo cha mwisho. Upande tu ndio hakuukumbuka. Limepita kulia? Kushoto? Limekata katikati? Palikuwa peupe. Hofu iliyomshika hapo hakumwambia mtu, hata mkewe, ambaye siku hizi alikuwa anamtazama kwa jicho la huruma kila alipouliza miwani iko wapi. Ndipo akakumbuka diski. Siku ya kustaafu, idara ilimzawadia kompyuta yake ya kazini kwa kuwa hakuna mwingine aliyeitaka, na michoro yake yote ilikuwa humo. Akaing'oa diski, akaifunga katika taulo, akamletea Fundi Kebo. Wenzake wa kijiweni aliwaambia ni ya kuhakikisha tu.

— Fundi! aliita sasa. Imefika wapi?

Kebo alitoa kichwa mlangoni, waya shingoni mwake, bisibisi sikioni.

— Inakwenda, baba. Si nilikwambia ni robo tatu ya saa?

— Lakini imeandikwa thelathini na tatu!

— Hiyo ni diski peke yake. Mimi nimeipitisha kwenye adapta ya kizamani, ndiyo pekee inayoelewana nayo. Na hiyo adapta imeandikwa kumi na mbili. Tena kumi na mbili ya megabiti, si megabaiti.

— Huwezi kufungua mchoro mmoja tu, mingine ukaiacha?

— Diski inagonga, baba. Nikianza kuipekuapekua itanifia mkononi. Naikopi yote kama ilivyo, mwanzo hadi mwisho, halafu mchoro tunautafuta kwenye nakala. Kunywa kahawa.

Akarudi ndani. Kupitia mlango uliobaki wazi, ilisikika ile diski: tik, tik, kimya, tik. Kila kimya kikirefuka, Rula alikuwa anaacha kupumua.

— Mmemsikia? alisema Gazeti, muuza magazeti, ambaye husoma vichwa vya habari tu na habari zenyewe huzitunga mwenyewe. Kumi na mbili. Gigabaiti nne ni megabaiti elfu nne. Gawanya kwa kumi na mbili, unapata sekunde mia tatu na kitu. Dakika tano na ushee. Nazo zimepita! Binti anatupiga kamba.

— Amesema megabiti, alisema Mama Birika.

— Biti, baiti, ni mtu na mdogo wake. Wanakula sahani moja.

— Si sahani moja! Rula alijikuta amesema. Baiti moja ni biti nane. Wakikuandikia kumi na mbili ya biti, unagawanya kwa nane ndio upate baiti. Kumi na mbili gawanya kwa nane ni moja na nusu. Megabaiti moja na nusu kwa sekunde, na elfu nne ukizigawa kwa...

Hesabu ilikuwa imemrudi mwenyewe. Elfu nne kwa moja na nusu ni robo tatu ya saa, kamili kama binti alivyosema, na Kebo alikuwa ameanza saa tatu na nusu. Ingemalizika saa nne na robo. Dereva anafika saa nne. Miaka yote ya kazi Rula hakuwahi kuichukia hesabu iliyo sahihi, leo aliichukia.

— Kwa ngapi, mzee? Mbona umekwama?

— Nilitaka kusema hivyo ni kwa nadharia. Kwa vitendo inaweza kwenda mbio zaidi.

— Ngojeni, ngojeni, alisema Wembe, akiweka kikombe chini kama mtu anayeweka ushahidi mezani. Hapa kuna jambo. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Sivyo?

— Ndivyo.

— Haba ndiyo biti. Kibaba ndiyo baiti. Haba nane, kibaba kimoja. Na vibaba vinne ni nini?

— Pishi, alisema Mama Birika.

— Pishi! Nane mara nne, thelathini na mbili. Sasa diski imeandikwa ngapi? Thelathini na tatu! Kwa nini? Pishi moja, halafu na haba moja ya nyongeza, mteja asinung'unike. Hao waliotengeneza diski walikuwa watu wa sokoni, nawaambieni.

Gazeti alipiga paja. Hata Rula, kwa wasiwasi wote aliokuwa nao, alihisi kicheko kinampanda, kikafika kooni kikafia hapo. Aliangalia saa iliyotundikwa kibandani kwa kinyozi. Akaiangalia tena.

— Unachanganya, kaka, alisema Gazeti. Hesabu za kompyuta haziendi kwa pishi. Nilisoma mimi. Elfu ya kompyuta si elfu. Ni elfu moja na ishirini na nne.

— Ishirini na nne za nini?

— Jiulize. Nini duniani ni ishirini na nne?

Wembe alifikiri.

— Saa za siku.

— Umeona! Mashine inabeba elfu moja, halafu inadai siku nzima ya kupumzika. Ipo kwenye mkataba wake. Ndiyo maana tunasubiri. Sasa hivi imelala. Tunabishana hapa, mwenzetu yuko usingizini.

— Hailali, alisema Rula. Ni kuzidisha kwa mbili. Mbili, nne, nane, unaendelea hivyo, mara ya kumi unaangukia hapo elfu na ishirini na nne. Haina usingizi, haina mkataba. Acheni mzaha.

— Mzee leo una moto, alisema Wembe. Mwenye nguvu mpishe, Waswahili walisema.

— Hiyo inaingiaje hapo?

— Hata sijui, lakini imeingia.

Kutoka mbali, nyuma ya nyumba za kona, ilisikika ngurumo nzito, kisha mlio wa chuma kikikwaruza mawe. Vikombe vilitetemeka kidogo kwenye sinia ya Mama Birika. Rula alisimama. Alikwenda mpaka mlango wa duka, akachungulia. Kwenye kioo kulikuwa na mstari wa kijani uliokuwa umejaa kama robo hivi, na Kebo alikuwa ameinamia redio ya mtu, haangalii hata. Rula alirudi akakaa, akasimama tena, akakaa mwisho mwingine wa benchi. Kahawa yake aliinywa ya moto, ikamuunguza ulimi, akashukuru maana walau alipata sababu ya kukunja uso.

— Swali ni hili, alisema Wembe, sauti ameishusha. Mzee, ulipolichora hilo bomba, lilikuwa na maji au kavu?

— Nini?

— Kwenye mchoro. Mlishafungulia maji au bado?

— Mchoro ni mistari, Wembe!

— Sawa, mistari, lakini mistari ya bomba lenye maji. Bomba lenye maji ni zito. Ungelichora kavu, lingekuwa limeshafika. Sasa unaivutisha diski mzigo wa maji wa mtaa mzima kupitia waya mwembamba vile. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Hapo nakuunga mkono, alisema Gazeti, ambaye dakika moja nyuma alikuwa hamuungi mkono. Na dawa yake ni rahisi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Diski ilazwe kifudifudi. Vilivyomo vinateremka vyenyewe.

— Na vikimwagika? aliuliza Mama Birika.

— Unakinga sinia.

— Sinia yangu haitoki hapa.

— Basi hata sufuria. Mzee, mwambie binti aipindue!

— Hakuna atakayepindua kitu! Rula alipaza sauti mpaka mpita njia akageuka. Nyie hamwelewi. Tatizo ni upana. Wewe chukua bomba la inchi nne, linajaza pipa linalomfika mtu kifuani ukipepesa macho. Liunge na mpira wa nusu inchi. Mwishoni unapata nini? Unapata maji ya nusu inchi! Hata huko nyuma uwe na ziwa. Diski ndiyo inchi nne, ile adapta ndiyo mpira wa nusu. Hakuna kulaza, hakuna kuinua, hakuna pishi. Ni robo tatu ya saa, na haipungui!

Mama Birika alikuwa anamtazama, birika limesimama hewani.

— Kumbe unajua, mzee.

— Najua nini?

— Kwamba ni robo tatu ya saa. Tangu asubuhi unambishia binti wa watu, dakika mbili, dakika mbili, kumbe hesabu unaijua kuliko sisi sote.

— Nilikuwa... nilikuwa nawapima.

— Na hiyo haraka ni ya nini? Umesema ni kuhakikisha tu. Bomba si unalijua? Ulilichora mwenyewe.

— Nalijua.

— Basi isipomaliza utamwonyesha dereva kwa kidole, kazi imekwisha.

— Eee, alisema Gazeti. Tuonyeshe na sisi, tujue tunakalia nini. Liko huku?

Rula aliufungua mdomo. Mikono, ambayo ilichora mistari iliyonyooka maisha yake yote, ilikuwa haitulii mapajani. Alitaka kusema neno lolote, hata la uongo, na hata la uongo halikuja. Kilichomwokoa ni ngurumo. Safari hii haikuwa nyuma ya nyumba. Katapila lilikunja kona lenyewe, la manjano, limejaa udongo, mkono wake umekunjwa juu, likaja taratibu likajaza barabara na kusimama mbele ya benchi. Saa ya kinyozi ilikuwa inaonyesha saa nne kasorobo.

— Amewahi! alisema Wembe. Mchimbaji gani huyu anayewahi?

Dereva aliteremka bila kuzima mashine. Alikuwa kijana mrefu mwenye kofia ngumu, kope zimejaa vumbi. Akavua kofia.

— Shikamooni wazee wangu. Shikamoo mama.

— Marahaba, mwanangu, waliitika, sauti zao zikipotea kwenye mngurumo.

— Namtafuta Mzee Rula.

Hakuna aliyehitaji kumwonyesha. Wote walikuwa wameshamgeukia. Rula alisimama. Aliiangalia ile ndoo ya chuma, meno yake matano, udongo mbichi bado umeganda kwenye meno.

— Nimeambiwa wewe ndiye mwenye ramani, alisema dereva kwa adabu. Sitakuchelewesha. Niambie tu bomba limepita upande gani.

— Huku, alisema Gazeti, akinyoosha kidole kulia. Lazima huku, maana hata bei za viwanja huku ziko juu.

— Wapi! Wembe alinyoosha kushoto. Maji yanakwenda zahanati, zahanati iko kushoto. Maji hayana akili ya kuzunguka.

— Mimi naona katikati, alisema Mama Birika, kisha akajishusha. Lakini mimi nauza kahawa tu.

Dereva hakuwaangalia. Alikuwa anamwangalia Rula peke yake, na macho yake yalikuwa ya mtu anayeamini. Fundi Kebo alikuwa ametoka mlangoni. Alitikisa kichwa taratibu: bado.

Rula aliinua mkono. Ilikuwa rahisi hivyo. Pande tatu tu, na moja kati ya hizo ni ya kweli. Watu wameshawahi kupatia kwa nafasi finyu zaidi ya hiyo. Angenyoosha kidole, kijana angeshukuru, kijiwe kingesema si tulisema, na angerudi nyumbani akiwa bado ni yule Rula aliyelichora bomba lile. Kidole kilishaanza kunyooka. Akamfikiria mkwe wake amesimama mbele ya bomba la zahanati, mtoto begani, anafungulia maji na hayatoki. Mkono ukashuka.

— Sijui, alisema.

— Nini, mzee? Mashine inapiga kelele.

— Sijui! Rula alisema kwa sauti, na sauti ikamkatika katikati. Nililichora mimi, mwanangu. Nilikuwepo siku linalazwa. Nimesahau. Nimetembea hapa tangu asubuhi nikilitafuta na limenitoka kichwani. Liko ndani humo, kwenye diski, na diski haijaisha.

Wembe alikitazama kikombe chake. Gazeti alikishusha kile kidole chake polepole, akakificha mfukoni. Pale kijiweni watu walikuwa wamekosea kila kitu kilichopo chini ya jua, lakini neno lile hapakuwa na aliyekuwa amelisikia, na hawakujua mtu akilitamka mwenzake hujibu nini.

Dereva alirudisha kofia kichwani. Kisha akageuka, akapanda juu ya katapila. Mama Birika alisema yarabi, kwa kuwa wote walidhani sasa anachimba. Mngurumo ulikohoa, ukapungua, ukazimika. Katika kimya kilichobaki mtaa mzima ulisikia ile diski dukani: tik, tik.

Kijana aliteremka, akaja, na Wembe akasogea kumpa nafasi. Alikaa karibu na Rula, kofia magotini. Mama Birika alimmiminia kahawa bila kuulizwa, naye akaishika kwa mikono miwili bila kuinywa.

— Asante, mzee, alisema.

— Asante ya nini? Nimekupotezea kazi.

— Mtaa niliotoka niliuliza hivihivi. Mzee mmoja, mtu mzima, anaheshimika. Akaninyooshea kidole palepale, hakufikiri hata kidogo. Kijana alifuta vumbi kwenye kope kwa nyuma ya kiganja, akaendelea. Nikachimba, nikalikata bomba. Hadi leo wanateka maji kwa ndoo, na wananisalimia wakipita.

Rula alimwekea kijana mkono begani, na mkono ulikuwa umetulia.